Jimbo la Ziwa: Historia ya Jimbo Lililodumu Miaka 31

Ukisimama Kamanga jioni ukingoja kivuko, mji wa Mwanza unauona waziwazi ng'ambo ya pili ya ghuba. Taa zinawaka, minara inaonekana, na mwenye macho mazuri anaweza kutambua hata majengo. Lakini wewe uliyesimama Kamanga uko Wilaya ya Sengerema. Kiserikali wewe ni mtu wa Mkoa wa Mwanza. Kikanisa, Sengerema iko katika Jimbo la Geita. Na ukiulizwa na mgeni kutoka Dar es Salaam, utajibu kwa kifupi kwamba unatoka Kanda ya Ziwa.

Tuchukue mfano wa mzee aliyezaliwa Kamanga mwaka 1930 na ambaye hajawahi kuhama. Alizaliwa chini ya Jimbo la Mwanza la serikali ya Mwingereza. Alipofika miaka 2, akawa mtu wa Jimbo la Ziwa. Alipokuwa kijana wa miaka 20 hivi, akaambiwa wilaya yake si Mwanza tena bali ni Geita. Alipofika miaka 33, Jimbo la Ziwa likafutwa, akawa wa Mkoa wa Mwanza. Alipofika miaka 45, wilaya yake ikawa Sengerema. Kwa upande wa Kanisa, alizaliwa chini ya Vikarieti ya Kitume ya Mwanza, ambayo mwaka 1953 ikawa jimbo kamili, na alipokuwa na miaka 54 akajikuta muumini wa Jimbo jipya la Geita. Nyumba ni ile ile na shamba ni lile lile. Mistari ya kwenye ramani ndiyo iliyokuwa ikihama.

Makala hii inasimulia habari za mstari mmoja kati ya hiyo, yaani Jimbo la Ziwa, lililoishi tangu mwaka 1932 hadi 1963. Vijana wengi leo hawajui kama lilikuwapo. Tunalisimulia kwa sababu historia yake inatufundisha jambo ambalo kila anayepewa madaraka ya kugawa watu, awe mkuu wa serikali au paroko, anapaswa kulijua.

Kwanza, neno lenyewe

Tusichanganyikiwe na neno "jimbo". Kwa Mkatoliki wa leo, jimbo ni sehemu ya Kanisa inayoongozwa na askofu. Kwa mpiga kura, jimbo ni eneo linalomchagua mbunge mmoja. Lakini kwa babu zetu wa wakati wa ukoloni, jimbo lilikuwa eneo kubwa la serikali, lililounganisha wilaya nyingi chini ya Mwingereza mmoja aliyejulikana kama P.C., yaani mkuu wa jimbo. Chini yake kila wilaya ilikuwa na D.C., ambaye watu walimwita Bwana Shauri. Chini ya hao walikuwa watemi na wanangwa wao huku Usukumani na Uzinza, na Abakama huko Buhaya. Baada ya uhuru serikali iliacha neno jimbo ikachukua neno mkoa. Kwa hiyo katika makala hii, tukisema Jimbo la Ziwa tunazungumzia eneo la serikali. Tukizungumzia Kanisa tutasema wazi.

Lilizaliwaje?

Wajerumani walifika kwenye ufuko wetu mwaka 1890. Mwaka huo Emin Pasha aliweka kituo Bukoba, na Mwanza nayo ikawa kituo chao. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, Waingereza waliichukua Mwanza mwezi Julai 1916. Baada ya vita walikabidhiwa Tanganyika kama nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa.

Mwaka 1925 alikuja Gavana Donald Cameron, aliyeleta mfumo wa kutawala kwa kupitia watemi na machifu wa jadi. Mwaka 1926 nchi nzima iligawanywa katika majimbo 11. Kwenye ziwa letu yalikuwa mawili: Jimbo la Bukoba upande wa magharibi, na Jimbo la Mwanza upande wa kusini na mashariki. Majimbo hayo mawili yaliishi miaka 6 tu. Mwaka 1932, wakati mdororo mkubwa wa uchumi ulipoitikisa dunia na serikali za kikoloni zilipokuwa zikibana matumizi, majimbo ya Tanganyika yalipunguzwa. Bukoba na Mwanza yakaunganishwa, na hapo ndipo Jimbo la Ziwa lilipozaliwa, makao yake makuu yakiwa Mwanza.

Ni vizuri seminarista aone hapa jambo la kuvutia. Mwaka 1929, yaani miaka 3 kabla, Kanisa lilikuwa limefanya kinyume chake. Vikarieti kubwa iliyokuwa ikisimamia eneo hili iligawanywa, zikapatikana Vikarieti ya Bukoba na Vikarieti ya Mwanza. Serikali ikaunganisha pale ambapo Kanisa lilikuwa limegawa. Serikali ilitazama gharama za ofisi. Kanisa lilitazama mapadre wanavyoweza kuwafikia waamini. Ziwa ni hilo hilo moja, lakini kila mmoja alilipima kwa kipimo chake.

Wilaya zake

Kufikia miaka ya 1950, Jimbo la Ziwa lilikuwa na wilaya hizi: Mwanza, Kwimba (makao yake Ngudu), Maswa, Shinyanga, Geita, Ukerewe, Musoma, Mara Kaskazini (makao yake Tarime), Bukoba, Biharamulo na Ngara. Hebu fikiria ukubwa huo. Kutoka mpaka wa Kenya kule Tarime hadi mpaka wa Rwanda na Burundi kule Ngara, wote walikuwa chini ya P.C. mmoja wa Mwanza. Ndani yake walikuwamo Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakerewe, Wakara, Wasukuma, Wazinza, Wasubi, Wahangaza, Wahaya na wengine wengi. Hawakuwa na lugha moja, wala mtawala mmoja wa jadi, wala zao moja. Bukoba walilima kahawa, Usukumani na Ukerewe walilima pamba, na Musoma na Tarime walikuwa na mifugo na mazao yao.

Kilichowaunganisha kilikuwa nini? Kwanza, ziwa lenyewe. Meli zilizunguka bandari za Mwanza, Bukoba na Musoma, zikavuka hadi Kisumu na Uganda. Pili, reli. Njia ya reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo Mwanza ikawa mlango wa ziwa kwa mtu anayetoka pwani. Tatu, pamba. Zao hilo lilipanuka mwaka hadi mwaka, na lilihitaji masoko, viwanda vya kuchambulia na maghala.

Wilaya ya Geita inatuhusu sisi wa Kamanga moja kwa moja. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 eneo letu la Uzinza lilikuwa likitazama Mwanza. Wasukuma wengi walikuwa wakivuka ghuba kuja magharibi kutafuta ardhi mpya ya kulima na kuchungia, kwa sababu kwao kulikuwa kumejaa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 Geita ilikuwa wilaya kamili, yenye Bwana Shauri wake. Kwa mtu wa Kamanga, maana yake ilikuwa kwamba mji anaouona kwa macho si mji wake tena kwa mambo ya boma. Boma lake lilikuwa Geita, nchi kavu, mbali na ziwa. Mpaka unaweza kuchorwa kwa siku moja mezani, lakini gharama yake hulipwa na miguu ya watu kwa miaka mingi.

Mpango wa maendeleo usiowauliza watu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali iliona kwamba ardhi ya Usukumani inachoka na mifugo ni mingi mno. Ikaanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Hapo Malya pia kulikuwa na baraza la shirikisho la watemi wa Usukumani, wapatao 50.

Mpango huo ulikuwa na mambo mazuri ndani yake: kuchimba mabwawa, kufungua maeneo yenye mbung'o ili watu wahamie, kuhifadhi udongo. Lakini ulikuja kwa amri. Mkulima aliamriwa alime matuta ya namna fulani, apunguze ng'ombe wake, alipe kodi ya mifugo, na asipotii apelekwe kwenye baraza la mtemi na kutozwa faini. Mtemi, ambaye zamani alikuwa baba wa watu wake, akageuka kuwa askari wa kutekeleza sheria asizozitunga. Hapo heshima yake ikaanza kupungua. Watu hawakuchukia mabwawa. Walichukia kuambiwa bila kuulizwa.

Wakulima wanaitumia ramani ya mkoloni

Hapa ndipo historia ya Jimbo la Ziwa inapochukua sura isiyotarajiwa. Mwingereza aliunganisha wilaya hizi ili iwe rahisi kwake kutawala. Lakini kwa kuziunganisha, aliwapa wenyeji nafasi ya kufahamiana na kulinganisha matatizo yao. Mkulima wa Ukerewe aligundua kwamba anapunjwa kwenye mizani sawasawa na mkulima wa Kwimba. Karani wa Musoma aligundua kwamba malalamiko yake ni yale yale ya karani wa Shinyanga.

Malalamiko makubwa yalikuwa kuhusu mizani. Pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara na wenye viwanda vya kuchambulia, na wakulima waliamini kwamba wanaibiwa uzito kila msimu. Basi wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla hajafika kwa mnunuzi. Kutoka hapo vikaundwa vyama vya ushirika vya msingi, kijiji baada ya kijiji. Kijana Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu wilayani Musoma aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, alizunguka wilaya kwa wilaya kuvipanga. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana na kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, maarufu kwa herufi VFCU. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika, likiwa na viwanda vyake lenyewe vya kuchambulia pamba.

Tuangalie jina hilo. Halikuitwa kwa jina la kabila wala la mji. Liliitwa kwa jina la ziwa. Wakulima waliichukua ramani ya mkoloni wakaijaza kitu ambacho yeye hakukikusudia.

Katika siasa ilikuwa vivyo hivyo. Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, kilikuwa na nguvu sana katika Jimbo la Ziwa. Watu 17 walipokutana Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 na kuanzisha TANU, wajumbe wa Jimbo la Ziwa walikuwamo, mmoja wao akiwa Saadani Abdu Kandoro. Mwenyekiti wa mkutano huo, Mwalimu Julius Nyerere, naye alikuwa mzaliwa wa Butiama, wilaya ya Musoma, mtoto wa jimbo hilo hilo. Serikali iliona hatari. Mwaka huo huo matawi ya TANU Usukumani yakanyimwa uandikishaji, na katazo hilo likaendelea hadi mwaka 1958. Kwa hiyo kwa miaka karibu minne, chama kilichokuwa kikiruhusiwa mahali pengine hakikuruhusiwa kufanya kazi katika wilaya hizi. Watu waliendelea kukutana kwa njia nyingine, hasa kupitia ushirika.

Geita mwaka 1958

Mwaka 1958 serikali iliamua kuunda baraza jipya la wilaya huko Geita, ambalo lingekuwa na wajumbe wa rangi tatu: Waafrika, Waasia na Wazungu. Kwa maneno, lilionekana ni baraza la umoja. Lakini wananchi wa Geita, ambao karibu wote walikuwa Waafrika, waliuliza maswali rahisi. Nani ametuuliza? Kwa nini baraza la watemi na wazee wetu libadilishwe bila sisi kusema neno? Kwa nini watu wachache sana wapewe viti katika kuamua mambo ya ardhi yetu?

Watu wakakusanyika Geita kwa wingi kudai majibu. Hawakuridhika. Ndipo umati ukaamua kwenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo mwenyewe. Kutoka Geita kwenda Mwanza, ghuba iko njiani. Wakulima hao waliacha mashamba yao, wakasafiri hadi makao makuu ya jimbo ili wasikilizwe. Huko Mwanza polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi.

Inafaa tusimame kidogo hapa. Hawa hawakuwa watu wa vurugu. Walikuwa watu waliokwenda kwa mkubwa wao kwa njia iliyokuwa imewekwa na serikali yenyewe, kutoka wilayani kwenda jimboni. Walitaka kuulizwa kabla ya kupangiwa. Kwa muda mfupi waliofukuzwa walionekana wameshindwa. Lakini katazo la TANU Usukumani liliondolewa kabla ya mwaka huo kwisha, na mpango wa mabaraza ya rangi tatu ukaachwa. Miaka 3 baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikawa huru. Paul Bomani akawa waziri, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha.

Jimbo linagawanyika

Jimbo la Ziwa lilianza kumeguka kabla ya uhuru. Mwaka 1959 upande wa magharibi ulitengwa ukawa Jimbo la Ziwa Magharibi, makao yake Bukoba. Yaani lile Jimbo la Bukoba lililofutwa mwaka 1932 likarudi kwa jina jipya. Baada ya uhuru likawa Mkoa wa Ziwa Magharibi, na mwaka 1979, baada ya vita na majeshi ya Idi Amin, likapewa jina tunalolijua leo: Kagera.

Mwaka 1963 kilichobaki kikagawanywa mara tatu. Wilaya za Musoma na Mara Kaskazini zikawa Mkoa wa Mara. Shinyanga na Maswa zikaingia Mkoa wa Shinyanga. Mwanza, Kwimba, Geita na Ukerewe zikawa Mkoa wa Mwanza. Mwaka huo huo mamlaka ya watemi na machifu yalifutwa kisheria. Jimbo la Ziwa lilikuwa limeishi miaka 31.

Ugawaji haukuishia hapo. Mwaka 1975 Sengerema ilitolewa katika Wilaya ya Geita. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa mipya ya Geita na Simiyu. Mfano mzuri wa safari hii ni Chato. Watu wake walikuwa wa Wilaya ya Biharamulo katika Jimbo la Ziwa, kisha Ziwa Magharibi, kisha Kagera, na tangu 2012 wako Mkoa wa Geita. Busega nayo ilitoka Mwanza ikaingia Simiyu. Bukombe ilitoka Shinyanga ikaingia Geita. Sengerema yetu, iliyozaliwa ndani ya Geita, ilibaki Mkoa wa Mwanza.

Sasa tulinganishe na Kanisa. Jimbo Katoliki la Shinyanga lilipata jina hilo mwaka 1956, Musoma likawa jimbo mwaka 1957, na kufikia 1960 Mwanza na Bukoba nayo yalikuwa majimbo yanayojitegemea. Tukitazama mikoa 4 ya serikali mwaka 1963, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, tunakuta Kanisa lilikuwa tayari na majimbo yenye makao katika miji ile ile minne. Halafu Jimbo la Geita lilianzishwa mwaka 1984, miaka 28 kabla ya Mkoa wa Geita. Hatusemi kwamba serikali ilinakili kutoka kwa Kanisa. Tunasema kwamba wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waligundua ukweli ule ule: eneo lilikuwa kubwa mno kwa mchungaji mmoja, na kwa mkuu mmoja pia.

Si kwetu tu

Mambo haya si ya Tanganyika peke yake. Huko Japani, mwaka 1869, serikali mpya ya Mfalme Meiji ilikipa kisiwa cha kaskazini jina la Hokkaido, ikakigawa katika majimbo 11, na kila jimbo likawa na wilaya zake. Wenyeji wa asili wa kisiwa hicho ni Waainu, ambao nchi yao ilikuwa ikichukuliwa na walowezi. Mwaka 1882 majimbo hayo yalifutwa, yakiwa yameishi miaka 13. Lakini majina yake, kama Tokachi, Kushiro na Hidaka, baadhi yakiwa yametokana na lugha ya Waainu, yanatumika hadi leo.

Kwetu pia jina limeshinda mpaka. Jimbo la Ziwa halipo kwenye sheria yoyote, lakini tunasema Kanda ya Ziwa kila siku, katika redio, katika biashara ya samaki, katika vikao vya harusi. Tunapozungumza hivyo tunalitaja, bila kujua, lile eneo lililounganishwa mwaka 1932.

Tunajifunza nini?

La kwanza: mpaka ni chombo cha kazi, si kitu kitakatifu. Wako watu wanaogombana kwa sababu ya mikoa kana kwamba iliumbwa siku ya sita. Mkoa wa babu yako si mkoa wako, na mkoa wa mjukuu wako huenda ukawa mwingine. Anayemdharau mwenzake kwa kuwa ni "wa ng'ambo" ajue kwamba juzi tu walikuwa wilaya moja.

La pili: mpaka unaochorwa kwa urahisi wa mtawala haudumu kwa sababu hiyo. Kilichodumu katika Jimbo la Ziwa ni yale waliyojenga watu wenyewe ndani yake: kufahamiana kwa makabila, moyo wa ushirika, ujasiri wa kudai kusikilizwa. VFCU lenyewe lilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuundwa upya kwa jina la Nyanza, lakini mkulima wa pamba wa leo bado anajua maana ya kuwa na mizani yake.

La tatu, na hili ni kwa mafrateri hasa: kugawa si kosa, kosa ni kugawa bila kusikiliza. Papa Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alieleza kanuni ya auni: jambo linaloweza kufanywa vizuri na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na kubwa. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 515, inampa askofu mamlaka ya kuanzisha, kufuta au kubadili parokia, lakini asifanye hivyo kabla ya kulisikiliza baraza la mapadre. Katiba ya nchi yetu inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Katika yote mawili mamlaka yapo juu, na hilo si tatizo. Lakini mamlaka yanayosikiliza huokoa safari kama ile ya watu wa Geita kwenda Mwanza.

Frateri mpendwa, ipo siku utakuwa paroko. Utaletewa pendekezo la kugawa kigango, au la kuhamisha jumuiya kutoka kigango kimoja kwenda kingine. Kwenye karatasi litaonekana jambo dogo. Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo matatu. Mama mwenye mtoto mgonjwa atatembea mbali zaidi au karibu zaidi? Wazee waliojenga kanisa la zamani kwa mikono yao wamesikilizwa? Na wale watakaobaki upande wa pili wataweza kujitegemea, au tumewaachia madeni?

Nawe muumini uliyesoma hadi hapa, fanya kazi moja ndogo. Mtafute mzee mmoja wa kijijini kwako, mpe kiti, umwulize alizaliwa wilaya gani, na alikata shauri kwa nani. Andika majibu yake. Wazee waliouona mwisho wa Jimbo la Ziwa wakiwa watu wazima wamebaki wachache. Sasa liko daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, na magari yanapita juu ya maji pale ambapo watu walingoja kivuko kwa saa nyingi. Ghuba imekuwa nyembamba. Tusiache kumbukumbu za waliotangulia kuivuka zikapotea.